Namna ya Kuendesha Chemsha Bongo Bila Kujua Chochote

Kuna watu wenye kipaji kikubwa cha kuwauliza wenzao maswali, na wanakufa nacho, kwa sababu waliaminishwa tangu shuleni kwamba anayeuliza lazima awe anajua. Imani hiyo imetuharibia sherehe nyingi. Mwongozo huu ni wa yule aliyeambiwa Jumatano kwamba Jumamosi ataendesha chemsha bongo kwenye bonanza la ofisi, naye kitabu cha mwisho alichokifungua kilikuwa cha hundi. Unamfaa pia katibu wa kundi la WhatsApp la ukoo, mshereheshaji anayetafuta cha kuwashughulisha watu wakati pilau haijaiva, mtangazaji wa redio aliyebakiwa na fulana za kugawa kabla ya taarifa ya habari, na mhadhiri ambaye hakuandaa somo, kwa hiyo akaingia darasani akisema, "Toeni karatasi."

Usiogope. Kujua ni kazi ya wanaojibu. Kazi yako wewe ni karatasi.

Karatasi

Karatasi ninayoisema ni ile yenye majibu. Iko moja tu, na iko mkononi mwako. Hiyo ndiyo tofauti pekee kati yako na yule profesa aliyekaa meza ya nyuma na soda yake, na kwa saa mbili zijazo ni tofauti kubwa kuliko shahada zake zote. Ikunje mara mbili ili watu waone kwamba ina siri. Mtu akijibu, usimkubalie wala usimkatalie papo hapo. Ifunue, itazame, mtazame yeye, itazame tena. Hata kama uliuliza mji mkuu wa Kenya na mtu kasema Nairobi, itazame. Kisha, ukiamua kumkosesha, sema kwa upole: "Jibu nililonalo hapa linasema vingine."

Sentensi hiyo imemaliza mabishano mengi kuliko baraza la kata. Haidai kwamba jibu ni la kweli. Inadai tu kwamba unalo.

Anayedhani natania na akumbuke swali ambalo vizazi kadhaa vya wanafunzi wa Afrika Mashariki wameulizwa: ni nani aliyegundua Mlima Kilimanjaro? Mtoto wa Marangu, aliyezaliwa kihambani chini ya mlima huohuo, ambaye babu wa babu yake alikuwa akiuona kila asubuhi mawingu yakifunguka, alikuwa na akili ya kutosha asijibu "babu wa babu yangu". Alijibu Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, mwaka 1848. Akapata alama yake. Kosa la Wachaga halikuwa kutouona mlima, maana hakuna namna ya kuishi pale usiuone. Kosa lao ni kwamba hawakuwa na karatasi.

Lakini haki haina upendeleo, maana huyo Rebmann naye yalimkuta. Alipeleka habari Ulaya kwamba ameona mlima wenye kilele cheupe, tena karibu kabisa na ikweta, na kwamba weupe ule ni theluji. Kiongozi wake wa msafara, Bwana Kheri, alikuwa naye, na wenyeji wa njia ile walikwishaeleza walichokijua: kule juu kuna baridi. Sasa London alikuwako mwanajiografia mmoja, William Desborough Cooley, aliyekuwa bingwa wa Afrika ya ndani bila kuikanyaga. Cooley alitazama karatasi yake, akaona theluji ya ikweta haimo, akamkosesha Rebmann. Alimkosesha tangu mwanzo na miaka iliyofuata. Mwaka 1861, na tena 1862, Baron Karl Klaus von der Decken alipanda sehemu ya mlima na kurudi akithibitisha theluji. Cooley hakutikisika.

Huyu ndiye mtu wa kuigwa. Wanafunzi wa kuendesha chemsha bongo wangepaswa kubandika picha yake ukutani. Mtu mwingine yeyote angeyumba baada ya shahidi wa pili, angesema labda, angeomba muda. Cooley alielewa kwamba mwuliza maswali akikubali mara moja tu kwamba mlima unaweza kujua zaidi ya karatasi, bonanza limekwisha.

Kuchagua maswali

Epuka maswali yenye jibu moja. Yanakufunga mikono. Swali zuri ni lile lenye majibu mawili au matatu, yote yakiwa na watetezi, ili uchague la kulikubali baada ya kuona nani amejibu.

Chukua hili: Tanzania ilipata uhuru mwaka gani? Swali linaonekana la darasa la tatu, na ndiyo uzuri wake. Timu ya wahasibu itaruka na 1961. Hapo unatabasamu na kuwakumbusha kwamba tarehe 9 Desemba 1961 aliyepata uhuru ni Tanganyika. Timu ya masoko, ikijiona imeerevuka, itasema 1964. Unawauliza kwa masikitiko kama Muungano wa Aprili 1964 ulikuwa uhuru kutoka kwa nani. Atatokea Mzanzibari mmoja ataje Desemba 1963. Mwingine kutoka kisiwa hichohicho atamkatalia kwa sauti na kutaja Mapinduzi ya Januari 1964, na hao wawili waache wamalizane wenyewe, wewe nenda kanywe maji. Mjuaji wa mwisho atasema kwamba hata jina la Tanzania lenyewe halikuwapo mpaka Oktoba 1964. Mpongeze, usimpe alama. Kisha mkurugenzi mkuu akisema 1961, itazame karatasi, tabasamu, sema: "Sahihi kabisa."

Idadi ya nchi za Afrika ni akiba nyingine nzuri. Umoja wa Mataifa una wanachama 54 kutoka bara hili. Umoja wa Afrika una 55, kwa kuwa unaihesabu Sahara Magharibi. Andika 54 upande mmoja wa karatasi na 55 upande wa pili. Urefu wa Kilimanjaro nao: vitabu vya shule vinasema mita 5,895, vipimo vya setilaiti vya mwaka 1999 vikatoa 5,892. Mita tatu hizo hazijamsaidia mpandaji yeyote, lakini zimewahi kuamua nani anabeba kreti ya soda.

Kuna aina ya pili, maswali yaliyochacha. Hupatikana bure, kwenye vitabu vya maarifa ya jamii vilivyobaki chini ya kitanda tangu mdogo wako amalize shule. Hapo Pluto bado ni sayari na mji mkuu wa Burundi bado ni Bujumbura. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi tatu, kama ilivyokuwa mkataba uliposainiwa mwaka 1999, wala Rwanda na Burundi hazijaingia mwaka 2007, wala Sudan Kusini 2016, wala Kongo 2022, wala Somalia 2024. Kishawishi cha kusahihisha kitakujia. Kishinde. Ukianza kusahihisha utalazimika kusoma, na ukianza kusoma utagundua mengine, na Jumamosi itakukuta bado uko kwenye sayari. Tangaza tu mwanzoni kwamba majibu yote yametoka "kwenye chanzo cha kuaminika", na chanzo hicho kilaze tena chini ya kitanda.

Wengine watakuuliza: je, si wizi kunakili maswali ya mtu? Hili limeshafika mahakamani, tena Marekani, ambako kila kitu hufika mahakamani. Bwana mmoja aitwaye Fred Worth aliandika vitabu vinene vya maarifa madogomadogo, yale ambayo huyahitaji mpaka mtu akuulize. Akijua watu watamwibia, alitega mtego: alibuni jambo la uongo akalichomeka katikati ya maelfu ya mambo ya kweli. Alisema jina la kwanza la Columbo, yule mpelelezi wa kwenye televisheni mwenye koti lililokunjamana, ni Philip. Katika filamu zote zile Columbo huitwa Luteni, na jina lake la kwanza halitamkwi. Philip alikuwa ametoka kichwani mwa Worth. Baadaye ukaja Trivial Pursuit, mchezo wa kadi za maswali uliobuniwa na Wakanada wawili mwaka 1979 na kuuzwa dunia nzima. Kadi moja ikauliza jina la kwanza la Columbo. Nyuma ya kadi: Philip.

Worth akafungua kesi mwaka 1984, akadai dola milioni 300. Wenye mchezo hawakukana kwamba walikuwa wakichota kwenye vitabu vyake. Walisema wamechota kwenye vitabu vingi, naye ni mmoja wao. Akashindwa. Mahakama ilisema maarifa hayana mwenyewe; kila mtu ana ruhusa ya kuokota jambo la kweli kitabuni. Ajabu ni kwamba Philip hakuwa jambo la kweli, lakini Worth alikwishaliuza kama la kweli, na mtu hawezi kuuza mbuzi sokoni kisha arudi kudai ni mtoto wake. Tangu hapo inajulikana: uongo ukishaandikwa nyuma ya kadi ni mali ya umma. Chukua.

Swali la heshima

Kila chemsha bongo inahitaji swali moja la kuonyesha kwamba mwendeshaji ni mtu wa vitabu. Ninapendekeza hili: neno "kwizi" lilitoka wapi? Ni swali zuri kwa kuwa linaisuta shughuli yenyewe, na kwa kuwa jibu linalojulikana na wengi si la kweli.

Jibu linalojulikana liko hivi. Richard Daly, aliyekuwa akiendesha ukumbi wa maigizo mjini Dublin, Ireland, aliweka dau mwaka 1791 kwamba anaweza kulifanya neno lisilo na maana lisemwe mji mzima kwa siku moja au mbili. Akawatuma wafanyakazi wake usiku na chaki, wakaandika ukutani kila mahali: QUIZ. Asubuhi Dublin nzima inaulizana hiki ni nini. Dau likaliwa, neno likabaki, na kwa kuwa kila mtu alikuwa akijiuliza maana yake, likawa neno la kuulizia. Hadithi imekaa vizuri mno. Ina usiku, ina dau, ina chaki. Iandike kwenye karatasi.

Sasa ukweli, ambao nauweka hapa kwa ajili ya dharura tu. Mwandishi Mwingereza Fanny Burney alikwishalitumia neno hilo kwenye shajara yake mwaka 1782, miaka tisa kabla ya chaki ya Dublin, na hakulitumia kwa maana ya mtihani. Alimaanisha mtu wa vituko, mtu ukimwona unajizuia kucheka. Katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, kijana mmoja anamkuta mama yake baada ya siku nyingi, na jambo analoanza nalo ni kumwuliza kofia hiyo ya ajabu ameitoa wapi. Neno analoitukania kofia ni hilohilo. Likawa pia kitenzi, yaani kumcheka mtu, kumkazia macho, na wenye nazo wakawa na kioo chao cha mkononi, chenye mpini, cha kuwatazamia watu kwenye karamu huku wakiwapima kuanzia viatu hadi kichwa. Kioo kile nacho kikabeba jina hilo. Maana ya kuwauliza wanafunzi maswali ilikuja baadaye, karne ya 19, na Wamarekani ndio walioikuza. Lilianzaje hasa, wenye kamusi wenyewe wameacha wazi.

Kwa hiyo yule mhadhiri aliyeingia akisema "Toeni karatasi", na kioo chake machoni, amerithi mila ya watu wa karamuni. Wanafunzi wa mbele wamekwishaanza kujikagua viatu.

Mtu akikujibu Burney, mkoseshe. Karatasi inasema Dublin.

Mchague mshindi mapema

Wanaoanza huacha mshindi apatikane. Ni uzembe. Huwezi kuandaa zawadi, mpiga picha na hotuba ya mgeni rasmi halafu ushindi uende kwa mtu aliyevaa kandambili.

Waliolielewa hili kuliko wote walikuwa watayarishaji wa Twenty-One, mchezo wa maswali uliokuwa ukirushwa na televisheni ya NBC huko New York. Mwaka 1956 bingwa wao alikuwa Herbert Stempel, mkazi wa Queens aliyekuwa na kumbukumbu ya kutisha. Mtayarishaji Dan Enright hakutaka kuiachia kumbukumbu hiyo kazi yote. Alimpa maswali na majibu kabla ya kipindi, akampangia avae suti isiyomkaa na anyoe nywele kijeshi, aonekane maskini mwenye akili. Alifundishwa lini asite, lini ajing'ate mdomo, na jinsi ya kufuta jasho: kwa kugusagusa na kitambaa, si kwa kusugua, ili liendelee kuonekana. Na ili jasho lenyewe lisikosekane, kile kibanda cha kioo walichokaa washindani kilizimwa kipoza hewa. Naomba mwendeshaji wa bonanza arudie kuisoma aya hii polepole. Hiyo ndiyo maana ya maandalizi.

Baada ya wiki kadhaa watazamaji wakamchoka. Akatafutwa mwingine: Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, mtoto wa mshairi maarufu, kijana mtanashati ambaye kila mama angependa amuoe binti yake. Stempel akaambiwa zamu yake imekwisha. Swali alilopangiwa kukosea, tarehe 5 Desemba 1956, lilikuwa hili: filamu ipi ilishinda Oscar ya filamu bora ya mwaka 1955? Jibu ni Marty. Stempel alikuwa akiipenda Marty, alikwishaitazama zaidi ya mara moja, na aliwasihi wamwachie akosee swali jingine lolote. Wakakataa. Mbele ya mamilioni ya watu akajibu On the Waterfront.

Hapa ndipo mtu mwenye moyo mwepesi huanza kumhurumia. Mwendeshaji makini anajifunza: kumkosesha asiyejua hakuna ufundi, ni mvua tu imenyesha. Ufundi ni kumkosesha anayejua, kwa kinywa chake mwenyewe.

Van Doren alishinda zaidi ya dola 100,000 na picha yake ikawa kwenye jalada la gazeti la Time. Stempel, kwa uchungu, akaanza kusema. Mwanzoni hakuaminiwa, kwa maana nani amwamini mtu aliyeshindwa swali rahisi namna ile? Mwishowe, tarehe 2 Novemba 1959, Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba naye alikuwa akipewa majibu. Akapoteza kazi chuoni na kwenye televisheni, na mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku udanganyifu katika michezo ya maswali inayorushwa hewani. Sheria hiyo ni ya Marekani, inahusu utangazaji, na ofisi yako haina mnara. Endelea.

Wanaopeana majibu

Watakuwepo. Kenya makaratasi madogo yenye majibu, yanayofichwa kwenye soksi, huitwa mwakenya, jina lililochukuliwa kwa vuguvugu la siri la miaka ya 1980 lililokuwa likisambaza vipeperushi dhidi ya serikali. Wanafunzi wa kule wamewahi kuonyesha hisia ya historia kuliko mtaala wao. Tanzania mtu hupiga chabo kwa jirani, na jirani huandika kwa herufi kubwa, maana undugu ni kufaana. Kwenye baa atapiga simu kwa shemeji yake Dodoma.

Usihangaike na hao. Wasiwasi wako uwe kwa wanaokohoa. Septemba 2001, nchini Uingereza, Meja mmoja wa jeshi, Charles Ingram, alikaa kwenye kiti cha Who Wants to Be a Millionaire? na kufika hadi pauni milioni moja kwa mtindo wa kusoma majibu yote manne kwa sauti, moja baada ya jingine, kama anayejadiliana na nafsi yake. Kila alipotaja lililo sahihi, mtu nyuma yake alikohoa. Mwaka 2003 mahakama ilimtia hatiani pamoja na mkewe na mwenye kikohozi, Tecwen Whittock, ambaye alijitetea kwamba ana mzio na vumbi. Jambo la kujifunza kwa mwendeshaji ni dogo: bonanza lifanyike msimu wa mvua, wakati vumbi limetulia, ili kikohozi kikitokea ujue kina elimu.

Kama huwezi kulinda ukumbi mzima, tumia maswali ya kuchagua A, B, C na D. Yalibuniwa Kansas na Frederick Kelly, mwaka 1914 na 1915, ili usahihishaji uende haraka, na yameenda haraka kweli. Faida yake kubwa ni kwamba hata asiyejua kusoma ana nafasi moja katika nne, ambayo ni nzuri kuliko nafasi yake benki. Tanzania iliwahi kukuta vijana waliofaulu darasa la saba wakapangiwa sekondari, na kufika kule wakaonekana hawajui kusoma wala kuandika. Watu walilalamika sana. Mimi naona walikuwa wamefika wamemaliza sehemu ngumu.

Onyo: vitendawili

Katika kila kundi kuna bibi au babu atakayesema, "Hizi chemsha bongo zenu sisi tulikuwa nazo, tukiziita vitendawili." Mheshimu, mletee chai, lakini usimpe kipaza sauti. Mchezo ule umejengwa vibaya tangu msingi.

Kwanza, anayeuliza anaomba ruhusa. Anasema "Kitendawili!" na asipoambiwa "Tega!" hana la kufanya. Mwendeshaji wa kisasa hawezi kuishi hivyo. Pili, anayeshindwa hatozwi alama, anaombwa mji. Yule aliyekosa jibu, ambaye kwa utaratibu wetu angekuwa ameinamisha kichwa, ghafla anakuwa mtu wa kugawa Mombasa na Tanga, na mtegaji anaanza kubembeleza: huo siutaki, nipe mwingine. Akipewa wa kumridhisha anausifia mji mzima, alivyopokewa, alivyokula, ndipo afumbue. Umeona wapi mtihani ambao aliyefeli ndiye tajiri?

Ubaya wa tatu ndio unaoua kabisa. Nyumba yangu haina mlango: yai. Kuku wangu katagia mwibani: nanasi. Jibu likitajwa, kila aliyepo analipima mwenyewe. Mtoto wa miaka sita anaenda jikoni, anachukua yai, analigeuzageuza na kuona kweli halina mlango. Hakuna karatasi. Hakuna wa kusema "jibu nililonalo hapa". Na mtoto huyohuyo, zamu ikizunguka, anamtega bibi, na bibi anashindwa, na bibi anatoa mji. Mamlaka yamehama mikono mara tatu kabla ya kulala. Ofisi gani itaendeshwa hivyo?

Mwalimu mstaafu

Limebaki tishio moja. Amekaa karibu na mlango, ana kofia, hajanywa kitu, na alifundisha jiografia miaka mingi kabla wewe hujajua kulia na kushoto. Swali la tatu alikuna kidevu. La tano alitikisa kichwa. Ukifika kwenye nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki na kutangaza kwamba ni tatu, atasimama.

Usibishane naye. Anajua, na anaweza kutaja miaka. Usimpuuze pia, maana waliofundishwa naye wako humo ukumbini na wataanza kunong'ona. Fanya hivi: shuka jukwaani, mwendee, mwamkie kwa heshima zote, kisha geukia kipaza sauti. "Ndugu zangu, tuna bahati kubwa leo. Mwalimu yupo nasi. Namwomba Mwalimu atufanyie hisani awe jaji mkuu wetu kwa maswali yote yaliyobaki." Watu watapiga makofi. Atakataa kidogo, kama inavyopasa. Mvutie kiti cha mbele, mwekee maji ya chupa, na umkabidhi karatasi kwa mikono miwili.

Ataisoma. Utaona nyusi zikipanda anapofika Pluto. Subiri, usiseme neno. Kisha uliza swali linalofuata, na kijana mmoja wa stoo, mwanafunzi wake wa zamani, atatoa jibu sahihi kabisa kama alivyofundishwa na Mwalimu mwenyewe. Ukumbi wote utamgeukia jaji. Mwalimu atamtazama kijana, atavaa miwani, ataitazama karatasi.

"Kaa chini," atamwambia. "Hapa imeandikwa vingine."